Barua ya wazi: Muswada wa wakimbizi usipite Chogo bila kubisha hodi

Kwa Mheshimiwa Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Kwa Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa Wabunge,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,

Assalaam alaykum, na salamu za heshima kutoka Tanga.

Ama baada ya salamu, mimi ni mnunuzi wa mahindi. Kituo changu ni soko la Mgandini, ila sehemu kubwa ya mwaka huwa njiani, Korogwe, Handeni na vijiji vya ndani, na mizani yangu na magunia matupu nyuma ya Fuso. Sheria sikuisomea. Lakini ipo moja ambayo nimeiona ikifanya kazi barabarani, juu ya watu ninaowajua kwa majina, na kila yanapozuka mazungumzo ya kuibadili nasikia wakitajwa watu wengi isipokuwa hao. Ni Sheria ya Wakimbizi Na. 9 ya mwaka 1998.

Msomaji wa mbali akisikia wakimbizi atawaza Kigoma, na ni haki yake, kwa kuwa Nyarugusu na Nduta ziko huko. Wachache wanakumbuka kwamba Mkoa wa Tanga nao una makazi ya wakimbizi, Chogo, upande wa Handeni. Mimi nilifika huko mara ya kwanza mwaka 2006, msimu wa mavuno, kwa kuambiwa tu kwamba kuna mahindi mazuri na wanunuzi hawaendi.

Nilikaribishwa na bibi mmoja aliyekuwa ameanika mahindi juu ya turubai. Tulianza kwa Kiswahili, chake cha kuokoteza. Kisha akamgeukia mjukuu wake na kumwagiza chungu, na neno alilolitumia kukitaja chungu kile lilinisimamisha. Mama yangu ni Mzigua wa Handeni. Neno lile nililisikia utotoni kwa bibi mzaa mama, na tangu tumzike sikuwahi kulisikia tena. Sisi wengine wote tulishahamia "sufuria". Na sasa linatoka kinywani mwa mtu aliyezaliwa Somalia.

Nikamjibu kwa Kizigua changu kibovu. Aliacha kazi, akanitazama, akaniuliza ukoo wa mama. Mahindi yalinunuliwa saa tatu baadaye.

Waheshimiwa, hawa ndio Wazigua ambao babu zao walichukuliwa kutoka nchi hii katika karne ya 19, wakati wa ukame na njaa ya miaka ya 1830, wakapelekwa kwa majahazi hadi pwani ya Banadir, kusini mwa Somalia, na kuuzwa utumwani. Waliotoroka walijikusanya katika bonde la Mto Juba. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke aliyewaongoza katika kutoroka huko, Wanankhucha, na yanasema nia yao ilikuwa kurudi kusini, nyumbani. Hawakufika. Walikaa Juba zaidi ya miaka 100, wakalima, wakazaa, na lugha hawakuiacha. Serikali ya Siad Barre huko Somalia ilipoanguka mwaka 1991 na nchi ikavunjika vipande, wengi walivuka kwenda kambi za Dadaab, Kenya. Wengine walipanda vyombo vya baharini wakashuka kwenye mwambao wetu. Walipelekwa kwanza Mkuyu, Handeni, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakahamishiwa Chogo na kupewa ardhi ya kulima.

Walirudi, basi, baada ya miaka 160 hivi. Na waliporudi, jina lao katika karatasi lilikuwa mkimbizi.

Sisemi neno hilo ni baya. Liliwapa hifadhi, liliwapa mgao wa chakula, na kwa hilo Tanzania ilitenda wema ambao Chogo wenyewe huutaja kabla hujawauliza. Ninachotaka kuwaonyesha ni kile neno hilo linachofanya likikaa juu ya mtu muda mrefu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Chogo jembe walipewa. Ila njia ya kulipeleka sokoni zao la jembe hilo ilifungwa kwa kibali.

Nieleze kwa jambo moja. Mwaka 2009 nilinunua magunia 30 kwa kijana mmoja wa Chogo. Alikuwa hodari wa kulima na hodari zaidi wa hesabu. Aliniambia, bila kunivunjia heshima, kwamba bei ninayompa anaiona ndogo na angependa kuja Tanga ajionee mwenyewe mahindi yanauzwaje. Nikasema sawa, panda. Alikuwa na kibali cha kutoka makazini, cha siku 3, ameshakitumia siku 2 kusubiri gari langu lililoharibika njiani. Tulipofika kwenye kizuizi kimoja ilikuwa jioni ya siku ya tatu. Kibali kilitazamwa, kikageuzwa, kikatazamwa tena. Akaambiwa ashuke, kwa sababu gari litaingia Tanga siku ya nne.

Mahindi yalipita. Mwenye mahindi akabaki, amekaa juu ya kiroba chake cha nguo pembeni ya barabara, mpaka asubuhi alipopata gari la kumrudisha. Mimi niliuza, nikampigia simu kumwambia bei, na yeye ilimlazimu aniamini. Nilimlipa kwa haki, namshuhudisha Mwenyezi Mungu. Lakini sheria haikuwa na habari kama mimi ni mwaminifu au mwizi. Ilichofanya ni kuhakikisha kwamba asinikague.

Miaka michache baadaye kijana yuleyule alipata cheti cha uraia wa tajinisi, yaani uraia wa kuomba na kupewa, kama walivyopata Wazigua wenzake wengi wa Chogo. Msimu uliofuata alikuja Mgandini peke yake, na magunia yake. Nilikuwa nimesimama pale mizani ilipo nilipomsikia. Dalali alimtaka ajaze lumbesa, gunia lililopandishwa mpaka likawa na kichwa, alipwe bei ya gunia la kawaida. Alikataa. Alibishana mbele za watu, kwa sauti ya juu, mpaka mahindi yakapimwa kwa kilo. Mtu mwenye kibali cha siku 3 habishani na dalali. Mwenye cheti anabishana. Hapo ndipo nilipoielewa sheria ya wakimbizi kuliko ningeisomewa kutwa nzima.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Jirani zetu wa Kenya, wa pale mbele ya Horohoro, waliwahi kupita njia ambayo naomba tuitazame kwa makini. Bunge lao lilipitisha muswada mpya wa wakimbizi, na mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuutia saini, akaurudisha. Sababu iliyotolewa haikuwa kwamba wakimbizi wamependelewa au wameonewa. Ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 118, inalitaka Bunge liwape watu nafasi katika kazi yake ya kutunga sheria, na ibara ya 115 inampa Rais siku 14 za ama kukubali ama kurudisha pamoja na dukuduku zake. Muswada mwingine uliletwa mwaka 2019, na sheria ikatiwa saini tarehe 17 Novemba 2021.

Miaka minne ilipotea hapo, na wapo waliolia kwamba ni hasara. Naelewa kilio chao, kwa sababu mkimbizi wa Dadaab aliyekuwa akisubiri sheria nzuri alisubiri zaidi. Hata hivyo, sheria iliyotoka mwisho ina jambo ambalo mimi mfanyabiashara wa mpakani naliona kubwa: mkimbizi anayetoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kwa hiari yake kuiacha hadhi ya ukimbizi ili anufaike na haki za Mkataba wa Jumuiya. Yaani Mrundi au Mkongo aliye kambini anaonyeshwa mlango mwingine, wa jirani mwenye haki ya kuja kufanya kazi. Sisi ndio tunaowapokea Warundi na Wakongo kuliko karibu nchi nyingine yoyote ya Jumuiya, na mlango wa namna hiyo katika sheria yetu haumo.

Mheshimiwa Rais, Katiba yetu nayo imekupa mamlaka ya kurudisha. Ibara ya 97 inasema ukikataa kuukubali muswada utaurudisha Bungeni pamoja na maelezo ya sababu. Hauwezi kuletwa tena kwako kabla ya miezi 6, isipokuwa umeungwa mkono na theluthi mbili ya Wabunge wote. Na ukiletwa hivyo ndani ya muda huo, unatakiwa uukubali ndani ya siku 21, la sivyo unalivunja Bunge. Ni kifungu kizito. Kwa uzito huo, watu wa kwetu hukichukulia kurudisha muswada kuwa ni ugomvi, ni aibu kwa Bunge, ni Rais kugombana na chama chake. Mimi naomba kisichukuliwe hivyo. Fundi wa jahazi pale Sahare akikuta ubao mmoja haukukaa sawa huung'oa chombo kingali nchi kavu, na mwenye chombo humshukuru.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Mheshimiwa Rais, liko hivi. Muswada wa kuibadili sheria ya 1998 ukikufikia mezani bila watu wa makazi na wa vijiji jirani kusikilizwa, uurudishe. Na sababu zako ziandikwe kwa Kiswahili chepesi, zitangazwe, tuzisome sote.

Kwenu Waheshimiwa Wabunge, ombi ni kwamba msimfikishe huko. Nanyi ndio nataka kuzungumza nanyi kwa urefu kidogo, maana kazi hasa iko kwenu.

Najua mtaniambia kamati huita wadau. Ni kweli. Tangazo hutoka, siku zenyewe ni za kuhesabu kwa vidole, na anayetaka kutoa maoni hufunga safari ya Dodoma. Mashirika huja, mawakili huja, na wanafanya kazi njema. Lakini tazameni ugumu ulio ndani ya muswada huu peke yake, ambao hamuukuti kwenye muswada wa korosho wala wa barabara. Sheria ya 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa, na asitoke bila kibali. Basi yule anayeguswa na sheria kuliko mtu yeyote hawezi kuja Dodoma kuisemea mpaka sheria hiyohiyo imruhusu. Atakayempa kibali ni ofisi ileile inayosimamia makazi yake, ambayo huenda ndiyo anayotaka kuilalamikia. Hata akiwa na nauli mkononi.

Na wale majirani je? Mwanakijiji wa Kasulu au Kibondo, huko Kigoma, ambaye kuni zimekwenda mbali, ambaye shamba lake liliwahi kuvamiwa usiku, yeye ni mwenye nchi na ana ruhusa ya kwenda popote, lakini Dodoma kwake ni mbali kuliko Bujumbura. Malalamiko yake ni ya kweli. Sitaki kuandika barua hii kana kwamba wema wa Tanzania haukuwa na gharama. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia kwetu ndani ya takriban siku moja. Hakuna wilaya duniani inayoweza kuamka na jambo hilo na kulala salama. Sheria ya 1998 ilizaliwa miaka minne baadaye, kutoka katika uchovu na hofu ya wakati ule, na ndiyo maana imejaa mipaka. Ile iliyotangulia, ya miaka ya 1960, ilikuwa na neno la kudhibiti hata katika jina lake. Sheria mbili, zote zimemtazama mkimbizi kama maji ya kuzuiwa yasimwagike.

Lakini nchi hiihii, nje ya maandishi ya sheria zake, imewahi kutenda makubwa. Mwalimu Nyerere alipewa tuzo ya Nansen, tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowatumikia wakimbizi, mwaka 1983 kwa jinsi nchi yake ilivyopokea wakimbizi. Warundi waliokimbia mwaka 1972 wakawekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walilima mpaka wakajitegemea, na watu wapatao 162,000 kati yao na watoto wao wakapewa uraia. Mwaka 2014 Rais Kikwete alianza kuwakabidhi vyeti. Bagamoyo, Chama cha FRELIMO kilikuwa na shule yake ya sekondari tangu 1970, na vijana waliosoma pale walirudi kujenga Msumbiji huru. Mambo haya yote yalifanyika kwa utashi wa viongozi waliokuwapo. Kiongozi akiwa na moyo, mlango unafunguka. Akija mwingine, unafungwa, na karatasi inayomwezesha kufanya yote mawili ni ileile. Chogo walipata uraia kwa utashi. Aliyechelewa kuorodheshwa, au aliyekuwa hospitali siku ile, au aliyezaliwa kati ya orodha moja na nyingine, akabaki nje, na hana kifungu cha kukishika mkononi akasema: haki yangu iko hapa.

Ninamjua mama mmoja aliye katika hali hiyo. Mume ni raia, yeye si raia, na mtoto wao mkubwa ameshaulizwa shuleni mara mbili yeye ni wa wapi. Amezaliwa Handeni. Anaongea Kizigua kuliko wanangu.

Waheshimiwa Wabunge, andikeni mlango huo ndani ya sheria. Semeni mtu akishakaa kwa amani miaka kadhaa, mtakayoona inafaa, anaruhusiwa kuomba uraia na ofisi inalazimika kumjibu kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa. Mtoto aliyezaliwa hapa asirithi ukimbizi wa babu yake. Mkulima wa makazini mwenye zao la halali aruhusiwe kulifuata mpaka sokoni na kurudi, bila kibali chake kufia njiani kwa sababu gari limepasuka gurudumu. Mambo haya hayamfungulii mlango mhalifu. Mwenye silaha ana sheria zake, na azikute. Wala hayaondoi ulinzi wa mpaka. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, tulioukubali, unasema kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, na nchi nyingine isilichukulie kuwa uadui. Tuongeze kwamba kumruhusu aliyehifadhiwa auze mahindi yake nako si uadui kwa mtu yeyote.

Jingine ni lugha. Sheria ya 1998 iliandikwa kwa Kiingereza. Kijana wangu yule alishushwa kwenye gari kwa kifungu ambacho hakuweza kukisoma, na sidhani aliyemshusha alikuwa amekisoma. Mwaka 2021 nyinyi wenyewe mlibadilisha mambo, mkakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi hii. Basi muswada huu uje kwa Kiswahili tangu siku unaposomwa mara ya kwanza, na nakala zifike ofisi za kata, si tafsiri ya kuletwa baada ya walioafiki kushinda.

Na tafadhali muswada usije kwa hati ya dharura, ile ya kuupitisha harakaharaka. Hawa watu wamekuwa wakisubiri tangu 1991. Dharura yao haiwezi kugunduliwa wiki moja kabla ya Bunge kuahirishwa.

Mheshimiwa Waziri, kwako nina neno fupi. Wewe ndiye mwenye funguo za makazi. Kamati ikitaka kwenda Chogo, Nyarugusu au Nduta, iruhusu iingie na izungumze na watu bila ofisa kusimama nyuma ya msemaji. Bibi yule wa chungu, Mungu amrehemu, alifariki kabla sijapata kumuuliza mambo mengi. Lakini wapo wa rika lake ambao bado wana kumbukumbu za Juba na za safari ya baharini, na wana maneno ya kuwaambia kuhusu kuishi kwa kibali. Hawatawasemea vibaya. Niliowasikia wote huanza kwa kushukuru.

Fanyeni kikao hicho Handeni. Ukumbi upo, na siku ya mnada watu hujaa hata bila tangazo. Wa Chogo walio na vyeti na wanavijiji wa jirani nitawaleta mimi kwa Fuso langu, kwenda na kurudi, bila nauli. Wale wasio na kibali cha kutoka ndio ninaoshindwa kuwapakia. Hao itabidi mwafuate wenyewe hukohuko makazini, na njiani mtapita kizuizi kile alichoshushwa kijana wangu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mnunuzi wa mahindi, Mgandini, Tanga